Mbwa Aliyetembea na Kigingi

Enzi zetu, na msicheke, hata mtu wa kidato cha tatu ana enzi zake, mbwa hakuwa mnyama wa kutembezwa. Alitembea mwenyewe, akaiba mwenyewe, akapigwa mawe mwenyewe. Ninyi mliomaliza la saba na mimi pale kijijini, njia ya kutoka Kibiti kwenda Mkongo, mnajua nasema kweli. Ndiyo maana mliponiona darasa la tano nikitembeza mbwa kwa kamba, mlicheka mpaka mkaegemea ukuta. Siwalaumu. Kama angekuwa mwingine, mimi ningecheka kuwapita, maana kucheka ndiyo kazi pekee niliyoifanya kwa bidii.

Tuliishi vizuri, jamani. Mpira wetu ulikuwa wa matambara na nailoni, umefungwa kwa kamba ya mgomba, na ukilowa unakuwa mzito kama mtoto wa jirani uliyelazimishwa kumbeba. Asubuhi muhogo wa kuchemsha na chai ya rangi, mchana bada, ugali wa muhogo, na kambale mkavu, na mpunga ukishatoka bondeni, wali ambao harufu yake ilitufuata mpaka uwanjani ikatufungisha magoli. Ukoko tuligombea kama urithi. Mwalimu akikuchapa hukusema nyumbani, ungechapwa tena kwa kosa la kumchosha mwalimu. Wadogo zetu wa siku hizi wanavaa raba za mitumba, na mmoja akianguka anaangalia kwanza kama kiatu kimeumia. Amekula chipsi mara moja tu Kibiti, basi kijiji kizima hakilali.

Uwanja wetu ulikuwa mbele ya ghala la korosho la chama cha ushirika, na nyuma ya ghala aliishi mbwa. Mweusi, kifua cheupe, sikio la kushoto limekatika nusu. Alifungwa kwa mnyororo kwenye nguzo ya chuma tangu akiwa mtoto, akawa anazunguka nguzo ile kutwa kucha mpaka ardhi ikachongeka duara, jeupe, safi kama sinia. Ndani ya duara halikuota hata jani. Nje ya duara tulikuwa sisi.

Mchezo wetu ulikuwa kuingiza mguu ndani ya mstari na kuutoa kabla hajafika. Mnyororo ulikuwa unamkaba hatua moja tu kutoka kwenye magoti yetu. Mimi nilikuwa bingwa, na kwa ubingwa huo nikapewa heshima ya kumpa jina. Nikamwita Ushirika, kwa kuwa ndiye mfanyakazi pekee wa chama niliyewahi kumwona akiwa kazini.

Kisha mambo yakabadilika, mnakumbuka. Wakaja wanunuzi binafsi na malori yao na mizani ya kuning'iniza kwenye tawi, korosho zikawa haziingii tena ghalani. Ghala likafungwa kufuli. Mlinzi, Mzee Kikumbi, akaambiwa arudishe vifaa vya ofisi: taa, rungu, koti la mvua na mnyororo. Akamfungua mbwa, akauzungusha mnyororo mkononi kama mtu anayekunja kamba ya kuanikia nguo, akaukabidhi. Mbwa hakuwa kifaa cha ofisi. "Haya, nenda zako," Mzee Kikumbi alimwambia, "hata mie wameniambia hivyo hivyo." Akapanda lori.

Ushirika hakwenda popote. Siku iliyofuata nilipoingiza mguu alinijia mbio kama kawaida, shingo tupu, na alipofika kwenye mstari akasimama ghafla, akajirudisha nyuma kana kwamba amekabwa.

"Oyaa!" Selemani akapiga kelele. Selemani ndiye aliyekuwa rafiki yangu wa kufa na kuzikana, na kila wazo baya nililokuwa nalo yeye alikuwa na pacha wake. "Anadhani bado kafungwa! Rudia!"

Nikarudia. Tulirudia mpaka jua likazama, na wiki nzima baada ya hapo. Kuku walipita mbele yake hatua mbili nje ya mstari, naye akawatazama tu, mate yanamtoka. Mimi nikaleta mfupa wa mbuzi, nikauweka nje ya mstari makusudi, kicheko nimeshakiandaa mdomoni, nasubiri. Hakuja. Kesho yake mfupa umejaa sisimizi, naye amelala, pua imegusa mstari, anautazama. Mbavu zake ungeweza kuzihesabu ukiwa umesimama barabarani.  Nikaenda kumwambia Mama.

Mama alikuwa anapepeta mchele. Hakuinua uso. "Umemchezea siku ngapi?"

"Sikumbuki, Mama."

"Basi utamlisha siku hizo hizo." Akanipa ukoko kwenye kigae cha chungu.

Baba hakupinga, ila alitoa sharti, na Baba akitoa sharti lilikuwa kama limetoka Dodoma. Kila mwaka mpunga ukianza kuchanua tulishuka bondeni Mkongo, tukaishi shambani kwenye dungu, kile kibanda cha juu ya nguzo, kulinda nguruwe wasitumalize. Mbwa wetu wa zamani alikuwa amekufa. "Mpunga ukichanua, twashuka," Baba alisema. "Kama atatembea mpaka Mkongo kwa miguu yake, atalinda na atakula. Kama hatembei, bwana mifugo akipita na bunduki kumaliza mbwa wasio na wenyewe, mie simzuii. Siwezi kufuga mdomo usiofanya kazi." Akanitazama. "Mmoja ninao tayari."

Huo ulikuwa mwezi wa pili. Mpunga ungechanua mwezi wa nne. Hapo katikati mbwa asiyejua kuvuka mstari alitakiwa ajifunze kutembea mwendo wa asubuhi nzima.

Nilianza kwa kumvuta. Nikamvisha kamba ya katani, nikavuta kama ninavuta ndoo kisimani. Alilala chali, akawa gunia. Nilivuta mpaka viganja vikachubuka, yeye akaachia mkojo na kutetemeka. Kina mama waliokuwa wanatoka kisimani walisimama na ndoo zao kichwani. "Mwanangu, huyo mbuzi wako mbona ana meno makali?" mmoja akauliza, wengine wakacheka mpaka maji yakamwagika. Selemani akakaa juu ya ngazi ya ghala kabisa, kama amekata tiketi. "Oya, mchunga mbwa! Hebu na wewe lala, labda yeye ndiye anataka kukuvuta!"

Nilirudi nyumbani nimeshindwa. Mama akanitazama viganja. "Mbuzi huwa unamburuta?" akauliza.

"Hapana. Namhamishia kigingi."

Akarudi kwenye mchele wake.

Mnajua mbuzi wetu tunavyowalisha: unapigilia kigingi, mbuzi anakula duara lake, kesho unakihamisha mahali penye majani mapya. Basi nikachonga kigingi cha mkorosho, nikakipigilia karibu kabisa na ile nguzo ya chuma, nikamfunga Ushirika kwa kamba yenye urefu uleule wa mnyororo. Akatulia. Huo ulikuwa ulimwengu anaoujua. Kesho yake nikakisogeza kigingi hatua moja. Duara lake likasogea hatua moja, na upande mmoja miguu yake ikakanyaga majani. Akaruka kama amekanyaga moto, akarudi katikati. Jioni nikamkuta amesimama kwenye majani yale, mguu mmoja ameuinua, ananusa.

Hatua moja kila siku, kisha mbili, kisha tano. Tulipita nyuma ya ghala, tukapita uwanja wa mpira (mechi ilisimamishwa, mbwa akazomewa kama refa), tukafika kwetu. Sikumgusa hata mara moja. Maalim wa chuo cha Kurani alitufundisha kwamba mbwa mkavu na nguo kavu hakuna tatizo, lakini mbwa akilowa akakugusa unajiosha mara saba, moja kwa udongo. Mara saba kwangu ilikuwa na maana ya safari mbili za kisimani, na uvivu wangu mnaufahamu. Kwa hiyo kamba ilikuwa ndefu, na mvua ikitishia nilikaa mbali.

Siku moja nimeng'oa kigingi nikihamishe, nikapigwa na chafya, nikasahau kukipigilia. Nikawa nakwenda nacho mkononi. Nikageuka: Ushirika yuko nyuma yangu, kamba imelegea, anatembea. Kwake yeye kigingi kilikuwa mkononi mwangu, basi popote nilipokipeleka ndipo palipokuwa katikati ya dunia. Nikisimama, anasimama. Nikikiweka chini, anakaa ubavuni mwake na hang'oki, hata nikienda zangu kucheza gololi nikirudi namkuta.

Kutoka hapo akaanza kupenda matembezi. Nani angejua kwamba kuna kitu kizuri hivyo kwenye barabara ile ambayo mimi niliona vumbi tu! Kila kichaka alikisoma kuanzia juu mpaka chini kama Baba anavyosoma gazeti lililofungiwa vitumbua. Kila shimo la panya aliingiza pua yote akapiga chafya. Kwenye dimbwi karibu na daraja alikuwa anaingiza miguu ya mbele tu, anatazama maduara ya maji yanavyopanuka. Mkia, ambao nilidhani umevunjika, sasa uliinuka. Asubuhi saa ya matembezi ikikaribia alianza kulia, sauti nyembamba, mpaka Mama anasema, "Mtoe mwenzio, anakuita." Maalim naye alipotuona akasema mbwa anasonga mbele kuliko mimi kwenye msahafu, na ukweli haukuwa mbali.

Wiki ya mwisho Baba alitufuata kwa nyuma bila kusema, mikono mgongoni, tukaenda mpaka kwenye daraja, ndipo tulipokuwa tukigeuzia. Akamtazama Ushirika akinusa. "Haya," akasema. "Jumamosi atakwenda." Niliruka juu. Nilikuwa nimeshinda. Alikuwa amepona.

Siku mbili baadaye ikapigwa mbiu: huko Bungu kuna mbwa mwenye kichaa ameuma watu. Watu wenye bunduki watapita vijiji vyote, na mbwa yeyote asiyefungwa wala kushikwa na mwenyewe atapigwa risasi. Baba akaniambia, "Kamba isitoke mkononi mwako." Nikasema ndiyo Baba. Ndiyo Baba nilikuwa naijua sana.

Ijumaa, siku moja kabla ya kushuka, ndiyo siku niliyokuwa nahitimu msahafu. Wenzangu walishahitimu zamani, mimi utani ulinichelewesha. Mama alinishonea kanzu mpya, akaitia bluu ya kufulia, akaipiga pasi ya mkaa mpaka ikasimama yenyewe. "Doa moja tu," akasema, "na usirudi." Ushirika alikuwa analia kwenye kigingi chake, saa yake imefika. Mama akasema leo nimwache. Lakini nilijua chuo ni njia ileile, nikasema nitampitisha, nitamfunga nyuma ya chuo, nikimaliza tunarudi. Nikang'oa kigingi.

Mvua ya masika haipigi hodi. Ilitukuta karibu na chuo, tukakimbilia chini ya mkorosho, mimi nimejibana kwenye shina, yeye mwisho wa kamba, nje, anaipokea mvua yote mdomo wazi. Ilipokatika alikuwa amelowa chapachapa na ana furaha kama aliyetoka kwenye harusi. Akajikung'uta. Nikaruka nyuma. Akanifuata, mkia unapiga huku na huku, nami narudi kinyumenyume nimeikusanya kanzu magotini. Kamba yenyewe ilikuwa inachuruzika. Kule chuoni sauti zilishaanza, na jina langu nililisikia likiitwa.

Ningeweza kumfunga pale kwenye mkorosho. Fundo moja tu. Lakini fundo lilitaka nisogee, nishike kamba ile kwa mikono yote miwili, kisha kisima kilikuwa mbali, na kanzu ilikuwa nyeupe. Nikakiweka kigingi chini, juu ya mchanga. Akaja akakaa ubavuni mwake, kama kila siku. Nikasema moyoni, huyu hang'oki. Kigingi kikikaa, naye hukaa.

Nilikuwa nasoma mlio uliposikika. Mmoja tu. Watoto wakainua vichwa, Maalim akasema, "Endelea." Nikaendelea. Nilisoma mpaka mwisho na sikukosea hata herufi, mara ya kwanza maishani. Wakasema mashaallah, sinia la halua likaletwa, mimi nikatoka mbio.

Kwenye mkorosho hakuna mbwa, hakuna kigingi. Kulikuwa na mstari kwenye mchanga uliolowa, alama ya kigingi kikiburuzwa. Nikaufuata. Haukuelekea nyumbani. Ulikwenda kwenye kichaka cha kwanza, ukazunguka, ukaenda cha pili. Ulisimama kwenye shimo la panya. Ulifika kwenye dimbwi, na ukingoni kulikuwa na nyayo za miguu ya mbele tu. Kisha ukavuka daraja, mahali tulipokuwa tukigeuzia, ukaendelea mbele njia ya Mkongo, ambako sikuwahi kumpeleka. Hatua kama hamsini hivi. Hapo mstari ukaisha.

Yule mtu mwenye bunduki hakuwa mtu mbaya. Alikuwa amechuchumaa kando. "Dogo, ni wako? Alikuwa anaburuza kamba na kijiti. Sisi tunajua anayeburuza kamba kaikata na kichaa kimempanda. Ningejuaje?" Akaiweka bunduki chini. "Hata hakukimbia. Alinijia anatingisha mkia."

Miezi miwili kabla angekimbia kurudi kwenye duara lake. Mimi ndiye niliyemfundisha kwamba barabarani hakuna ubaya.

Sijui nani alimwita Baba. Alikuja amevaa kanzu ya Ijumaa na kofia, tayari kwa msikiti. Akamtazama Ushirika, akanitazama mimi na kanzu yangu. Akainama amwinue.

"Baba, kalowa," nikasema.

"Naona."

Akamkumbatia kifuani, maji na damu na matope, kichwa chenye sikio nusu kimelala begani mwake kama mtoto aliyesinzia njiani. Akatembea naye mpaka mpakani mwa mikorosho yetu, akachimba mwenyewe. Tukaenda kisimani. Mimi nachota, namwagia, yeye anajisugua. Mara saba, moja kwa udongo. Adhana ya Ijumaa ilipita, naye bado anajisugua. Alipomaliza akaipokea ndoo.

"Na wewe?"

"Mimi sikumgusa, Baba."

"Najua."

Alilisema kwa upole. Laiti angenichapa.

Jumamosi tulishuka bondeni bila mbwa. Mwaka ule nguruwe walikuwa wengi, madebe tuliyopiga hawakuyajali. Basi mimi, hodari wa kuiga sauti, nikaanza kubweka. Nilibweka kutoka juu ya dungu mpaka koo likakauka, na nguruwe wakasita. Nilitegemea Baba aseme acha upuuzi. Baba hakuwahi kufanya utani maishani mwake, harusi yake mwenyewe wanasema hakucheka. Alikaa, goti limegusa goti langu. Kisha akavuta pumzi, na yeye akabweka. Vibaya, kama mtu anayekohoa. Tulibweka msimu mzima, wawili, na hakuna aliyetucheka hata siku moja, kwa sababu mimi ndiye ningecheka.

Siku hizi ghala limepangishwa kwa mwenye kuonyesha video, na nyuma yake majani yameota kila mahali, huwezi kujua pale palikuwa na duara. Selemani yuko Dar, anauza viatu. Watoto wa la nne, hao ninaowasema kila siku kwamba ni kizazi kibovu, wana mbwa wawili watatu wa kwao, wanawavisha shanga shingoni na kuwatembeza jioni kama mabibi harusi. Likizo iliyopita nilikutana nao darajani, mvua imewanyeshea, mbwa kalowa, wao wamelowa, nguo za chuo zimegeuka rangi ya barabara. Kamba walikuwa wameishika kwa mikono yote. Nikawaambia Maalim atawatoa ngozi, itabidi waoshe mara saba. Kitoto kimoja, pengo mbele, kikanijibu, "Tutaosha, kaka, kwani maji yamekwisha?"